SURA YA TISA: NYIGU NA VIOTA VYAO KARIBU NA NYUMBA

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba mdudu ana miguu sita, na kwamba mwili wake umegawanyika katika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Ulijifunza pia kwamba wako wadudu wanaotufaa na wako wanaotudhuru. Katika sura hii tutamchunguza mdudu anayetufaa na kutudhuru pia. Mdudu huyo ni nyigu.

Mifano yetu mingi tutaitoa katika kijiji cha Kaole. Kaole ni kijiji cha pwani, kilometa tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Huko kuna mikoko ufukoni, minazi na mikorosho mashambani, na magofu ya misikiti na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ziko nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na ziko nyumba za matofali zilizoezekwa mabati. Nyumba hizi zote zina kitu kimoja ambacho nyigu hukipenda, nacho ni upenu. Chini ya upenu hapanyeshewi na mvua, wala hapapigwi na jua kali.

Watu wengi wakiona kiota cha nyigu upenuni huokota jiwe au huwasha kijinga cha moto. Mwanafunzi wa sayansi hafanyi hivyo. Kwanza husimama mbali, akatazama, kisha akajiuliza maswali matatu:

1. Huyu ni mdudu gani?
2. Kiota chake kiko mahali gani?
3. Je, kuna mtu ambaye anaweza kudhurika?

Ukiweza kuyajibu maswali haya matatu, utajua kama kiota kiondolewe au kiachwe.

9.1 NYIGU ALIVYO

Nyigu ana jozi mbili za mabawa, vipapasio viwili kichwani, na macho makubwa mawili. Kiuno chake ni chembamba sana. Kiuno hicho humwezesha kulikunja tumbo lake na kuuelekeza mwiba upande autakao. Mwiba uko kwenye ncha ya tumbo. Nyigu jike tu ndiye mwenye mwiba. Nyigu dume hana.

Usimchanganye nyigu na nyuki. Wadudu hawa wawili ni ndugu, lakini wanatofautiana kwa mambo haya:

(a) Mwili wa nyuki una vinyweleo vingi, ambavyo hunasa chavua ya maua. Mwili wa nyigu una vinyweleo vichache, nao hung'aa.

(b) Nyuki hujenga masega kwa nta na kuweka asali nyingi ndani yake. Nyigu wa nyumbani hujenga kwa karatasi au kwa udongo, wala hawatuwekei asali.

(c) Mwiba wa nyuki mfanyakazi una vijino kama vya chusa. Akimwuma mtu, mwiba hunasa katika ngozi, na nyuki huyo hufa. Mwiba wa nyigu haunasi hivyo. Kwa sababu hiyo nyigu mmoja aweza kuuma mara nyingi.

Ukiona wadudu wengi wakiingia na kutoka katika tundu la ukuta, katika dari au katika shina la mti, yaelekea hao ni nyuki. Nyuki wa Afrika ni wakali sana wakichokozwa. Usiwaguse. Mwambie mtu mzima, naye apeleke habari kwa bwana nyuki au kwa viongozi wa kijiji.

9.2 AINA MBILI ZA NYIGU WA NYUMBANI

Ziko aina nyingi za nyigu. Wale tunaowaona mara kwa mara katika nyumba zetu tunaweza kuwagawa katika makundi mawili.

Nyigu wa karatasi

Nyigu hawa huishi pamoja. Katika Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara, kuna jamii yao moja ambayo wanasayansi huiita Belonogaster. Wengi wao ni wa rangi ya kahawia au nyeusi, nao wana kiuno kirefu na miguu mirefu inayoning'inia wanaporuka.

Nyigu wa karatasi hukwangua nyuzi za mti mkavu, kama vile nguzo ya ua au boriti kuukuu. Huzitafuna nyuzi hizo na kuzichanganya na mate, zikawa rojo. Rojo likitandazwa na kukauka huwa karatasi. Katika mwaka 1719, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeitwa René de Réaumur alieleza jambo hili, akasema kwamba hata binadamu angeweza kutengeneza karatasi kwa miti. Wakati ule karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara. Siku hizi karatasi nyingi tunazotumia, kama zile za vitabu na madaftari, hutengenezwa kwa miti.

Kiota cha nyigu hawa hutundikwa kwa kikonyo kimoja chembamba. Vyumba vyake vina pembe sita, na milango yake hutazama chini. Umbo la pembe sita lina faida: vyumba hupangwa kando kwa kando bila kuacha nafasi katikati, na ukuta mmoja hutumika kwa vyumba viwili.

Kikonyo nacho kina kazi yake. Adui mkubwa wa viota hivi ni sisimizi, ambao hula mayai na watoto wa nyigu. Sisimizi hawana njia ya kufikia kiota ila kupitia kwenye kikonyo. Nyigu jike hukipaka kikonyo majimaji yatokayo katika tumbo lake, na majimaji hayo huwafukuza sisimizi.

Nyigu wa udongo

Nyigu wa udongo haishi katika kundi. Kila jike hujenga peke yake. Aina moja inayojulikana sana ni nyeusi, yenye miguu ya rangi ya manjano na nyeusi. Jike huenda kwenye tope karibu na kisima au bomba, akafinyanga kidonge cha udongo, akakibeba hadi ukutani. Hurudia safari hiyo mara nyingi, mpaka apate chumba kimoja chenye umbo la mtungi au la mwanzi mfupi.

Chumba kikiwa tayari, nyigu huenda kuwinda buibui. Humdunga buibui kwa mwiba, akapooza lakini asife. Humtia chumbani, kisha akaleta wengine mpaka chumba kijae. Hutaga yai moja humo na kuuziba mlango kwa udongo. Buibui aliyepooza haozi upesi, kwa hiyo mtoto wa nyigu akitoka katika yai hukuta chakula kibichi kimemngoja.

Nyigu wa udongo hana kundi la kumsaidia kulinda kiota. Akikaribiwa, mara nyingi huruka akaenda zake. Ni nadra sana kumwuma mtu, isipokuwa amekamatwa kwa mkono au amebanwa katika nguo.

9.3 MAISHA YA NYIGU

Nyigu hupita katika hatua nne: yai, buu, bundo na nyigu kamili. Umejifunza kwamba nzi na kipepeo nao hupita katika hatua kama hizi.

Kiota cha nyigu wa karatasi mara nyingi huanzishwa na jike mmoja au majike wachache. Hujenga vyumba vichache tu, na katika kila chumba hutaga yai moja. Yai huwa buu asiye na miguu wala mabawa. Buu hawezi kutoka chumbani, kwa hiyo lazima alishwe. Nyigu wakubwa humlisha nyama ya wadudu iliyotafunwa. Buu akishakua, mlango wa chumba chake huzibwa kwa utando mweupe, naye hugeuka kuwa bundo. Baadaye huutoboa utando na kutoka akiwa nyigu kamili. Majike wapya husaidia kujenga na kulisha, na kiota huzidi kuwa kikubwa.

Kumbuka jambo hili, kwa kuwa litatufaa mbele: kiota kichanga chenye nyigu mmoja au wawili ni rahisi kukiondoa. Kiota kikubwa kina watoto wengi wa kulindwa na walinzi wengi wa kuwalinda.

Kazi ya 1: Kutazama nyigu

Kazi hii ifanywe pamoja na mwalimu au mzazi. Tafuteni kiota cha nyigu wa karatasi, na msimame umbali usiopungua hatua kumi. Msielekeze fimbo wala msirushe kitu. Kwa muda wa dakika kumi, andikeni:

(a) nyigu wangapi wameondoka kiotani;
(b) nyigu wangapi wamerudi;
(c) kama waliorudi walibeba kitu chochote;
(d) walipitia njia gani hewani.

Njia waipitayo nyigu ni habari muhimu. Mtu anayesimama katika njia hiyo huwazuia, na aweza kuumwa hata kama hakukigusa kiota.

Kazi ya 2: Kuchunguza kiota cha udongo kilichohamwa

Tafuta kiota cha udongo chenye matundu ya duara. Matundu hayo huonyesha kwamba watoto wamekwisha kutoka. Mwombe mtu mzima akubandulie kiota hicho katika ukuta wa nyumba yenu. Kivunje polepole juu ya karatasi. Je, unaona maganda membamba ya mabundo? Je, kuna miguu ya buibui? Chora unachokiona. Usichukue kiota katika kuta za magofu. Sababu yake tutaieleza mbele.

9.4 FAIDA ZA NYIGU

Nyigu wa karatasi huwinda viwavi na wadudu wengine ili kulisha watoto wao. Viwavi ni adui wa mkulima. Hula majani ya mahindi, mchicha na kunde. Katika mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni Marekani ya Kaskazini na ya Kusini, wameingia Tanzania, nao hushambulia hasa mahindi. Nyigu peke yao hawawezi kuwamaliza viwavi hao, lakini kila kiwavi achukuliwaye na nyigu ni jani lililookoka.

Nyigu wakubwa wenyewe hunywa majimaji matamu ya maua. Wakitembea juu ya maua, huweza kuchukua chavua kutoka ua moja hadi jingine.

Watu wa pwani wanaujua mdudu mwingine mkali anayewafaa. Katika minazi na mikorosho huishi majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Huwauma wakwezi, lakini pia huwafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa na kuzifanya zianguke. Mkulima mwenye busara hawaui majimoto wote kwa sababu ameumwa mara moja. Na kuhusu nyigu tufikiri vivyo hivyo.

9.5 HATARI YA NYIGU

Nyigu wa karatasi huuma ili kulinda watoto wao. Kiota kikitikiswa, walinzi huruka mara moja na kumfuata mchokozi. Nyigu wa aina nyingi wakiuma hutoa pia harufu ambayo huwaita wenzao. Ndiyo sababu mtu aliyeumwa na nyigu mmoja karibu na kiota hapaswi kusimama hapo akijikuna. Lazima aondoke upesi.

Kwa watu wengi sumu ya nyigu huleta maumivu makali, wekundu na uvimbe mahali palipoumwa. Maumivu hupungua baada ya saa chache, na uvimbe huisha baada ya siku chache. Lakini kuna hatari mbili kubwa zaidi:

Kwanza, mtu aweza kuumwa na nyigu wengi kwa wakati mmoja. Sumu ya nyigu wengi ni nyingi, na mwili wa mtoto ni mdogo.

Pili, miili ya watu wengine huikataa sumu hiyo kwa nguvu. Hali hii huitwa mzio. Mtu mwenye mzio mkali aweza kufa kwa kuumwa na nyigu mmoja tu, asipopata matibabu upesi. Huwezi kumjua mtu huyo kwa kumtazama. Wako ambao mara ya kwanza waliumwa wakavimba kidogo tu, na mara nyingine wakazidiwa.

9.6 KIONDOLEWE AU KIACHWE?

Sasa tutumie maswali yetu matatu. Tuseme kwamba unatembea katika kijiji cha Kaole na unaona viota vitatu.

Kiota cha kwanza. Kiko upenuni, juu ya mlango wa jiko. Kina nyigu wa karatasi kama thelathini. Paa ni la makuti. Bibi huingia na kutoka mlangoni humo tangu alfajiri, na kichwa chake hupita karibu kabisa na kiota. Mjukuu wake ameshika ufito.

"Bibi, niwapige?"

"La, mjukuu wangu. Weka ufito chini, na wadogo zako waite huku uani. Leo tutapika nje. Baba yako akirudi kutoka baharini nitazungumza naye."

Bibi ameamua vema. Mdudu ni nyigu wa karatasi, mahali ni mlangoni, na watu wanaweza kudhurika. Kiota hiki kiondolewe, lakini si na mtoto, wala si mchana. Kabla ya wakati huo, watu watumie njia nyingine.

Kiota cha pili. Kimetundikwa katika tawi la mkorosho, mwisho wa shamba, mbali na njia. Karibu yake kuna bustani ya mchicha. Hawa pia ni nyigu wa karatasi, lakini hakuna apitaye hapo mara kwa mara. Kiota hiki kiachwe. Watu wa nyumbani waambiwe mahali kilipo, na kijiti chenye kitambaa kisimikwe umbali wa hatua kumi ili kiwe alama. Wakati wa kuokota korosho ukifika, mwenye shamba atakitazama upya.

Kiota cha tatu. Ni viota vya udongo vilivyogandamana katika ukuta wa gofu la kale. Msikiti mkongwe zaidi wa Kaole husemwa kwamba ulijengwa katika karne ya 13. Nyigu hawa ni wa udongo, wala hawamfuati mtu. Viota hivi viachwe kwa sababu mbili. Hakuna anayedhurika. Tena, anayeubandua udongo kwa kisu au kwa fimbo hubandua na chokaa ya kale, ambayo haiwezi kurudi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu majengo ya namna hii. Kazi ya kusafisha kuta hizo ni ya wataalamu wanaozitunza.

Unaona kwamba kiota cha kwanza na cha pili ni vya nyigu wa namna moja, lakini uamuzi ni tofauti. Kilichotofautiana ni mahali.

Fikiri pia juu ya shule yako. Kiota kilicho nyuma ya choo cha wanafunzi ni cha kundi gani, la kwanza au la pili? Mpe taarifa mwalimu wa zamu siku hiyo hiyo unapokiona.

9.7 NAMNA YA KUONDOA KIOTA

Kazi hii ni ya watu wazima. Wewe mwanafunzi kazi yako ni kutoa habari mapema na kukaa mbali. Hata hivyo ni vizuri kuelewa kazi hii inavyofanywa na sababu zake.

(1) Asiyeweza kufanya kazi hii ni mtu ambaye aliwahi kuzidiwa kwa kuumwa na nyigu au nyuki. Huyo asikaribie kabisa.

(2) Kazi ifanywe usiku, saa mbili au zaidi baada ya jua kutua. Wakati huo nyigu wote wamerudi kiotani, na gizani hawaruki vizuri.

(3) Mtu avae viatu, suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Kichwa na uso vifunikwe kwa kipande cha chandarua kikuukuu kilichowekwa juu ya kofia pana.

(4) Tochi ifunikwe kwa kitambaa chekundu. Nyigu hawauoni vizuri mwanga mwekundu, bali mwanga mweupe huweza kuwavuta waje kwa mwenye tochi.

(5) Maji yenye sabuni nyingi yatiwe katika bomba la kunyunyizia. Mtu asimame kando ya kiota, si chini yake, naye asipande juu ya ngazi. Ayanyunyize maji mpaka nyigu wote walowe na kuanguka. Anayetumia dawa ya wadudu ya dukani lazima afuate maelezo ya kopo, na vyakula, maji ya kunywa na watoto viwe vimeondolewa.

(6) Kesho yake, akisha kuhakikisha kwamba hakuna nyigu aliyesalia, akiangushe kiota kwa ufito mrefu na kukifukia. Kikonyo nacho kikwanguliwe.

Kiota kikiwa kikubwa sana, au kikiwa juu sana, mtu mmoja asijaribu. Aombe msaada kwa viongozi wa kijiji.

Jaribio: Kwa nini sabuni?

Vifaa: bilauri ya maji safi, sindano kavu, kipande kidogo cha karatasi nyembamba, na sabuni iliyoyeyushwa.

Njia: Weka karatasi juu ya maji, na juu ya karatasi weka sindano. Ngoja karatasi ilowe na kuzama. Isipozama, isukume chini taratibu kwa kijiti. Sindano itabaki ikielea. Sasa dondosha tone moja la maji ya sabuni kando ya bilauri.

Matokeo: Sindano inazama.

Maelezo: Uso wa maji safi hujivuta kama utando mwembamba. Utando huo ulikuwa umeibeba sindano. Sabuni huulegeza. Sasa kumbuka kwamba mdudu hapumui kwa pua, bali kwa matundu madogo yaliyo ubavuni mwake. Maji safi huteleza juu ya mwili wake bila kuingia katika matundu hayo. Maji ya sabuni huenea, huyaziba matundu, na mdudu hukosa hewa.

9.8 MAMBO YA KUEPUKA

Usitumie moto. Makuti makavu hushika moto kwa muda mfupi sana, na upepo wa baharini huuchukua moto kutoka paa moja hadi jingine. Mtu anayechoma kiota upenuni aweza kuunguza nyumba yake na ya jirani yake. Hata moshi wa makumbi ya nazi haufai chini ya makuti, kwa sababu cheche moja yatosha.

Usitumie petroli wala mafuta ya taa. Mvuke wa petroli haushindani na upepo. Husafiri chini chini mpaka kwenye meko, na hapo hulipuka. Tena mafuta hayo huchafua udongo na maji ya kisima.

Usirushe mawe. Jiwe hukivunja kiota lakini haliwaui nyigu. Huwakasirisha, nao humwuma yeyote aliye karibu, hata asiye na kosa.

9.9 HUDUMA YA KWANZA

Mwenzako akiumwa na nyigu, fanya haya kwa utaratibu:

1. Mwondoe mahali hapo. Mtembeze kwa haraka mpaka mfike mbali na kiota au ndani ya nyumba. Msipungepunge mikono.
2. Mwite mtu mzima.
3. Kama ameumwa mkononi, mvue pete au bangili kabla mkono haujavimba.
4. Osha mahali palipoumwa kwa maji na sabuni.
5. Weka kitambaa kilicholoweshwa katika maji baridi.
6. Mzuie asijikune, maana kucha huingiza vijidudu.
7. Mtazame kwa muda wa saa moja. Usimwache peke yake.

Usichanje ngozi kwa wembe. Usipake mafuta ya taa wala kinyesi cha mnyama.

Mpelekeni mgonjwa katika zahanati au hospitali mara moja mkiona dalili yoyote kati ya hizi:

(a) anapumua kwa shida, au sauti yake imekauka;
(b) midomo, ulimi au uso umevimba;
(c) vipele vimetokea mwili mzima, hata mahali asipoumwa;
(d) anatapika, anaona kizunguzungu au anazimia;
(e) ameumwa ndani ya kinywa au kooni;
(f) ni mtoto aliyeumwa mara kumi au zaidi, hata kama anaonekana mzima.

Wakati mnatafuta chombo cha kumchukua, mlazeni na kuinua miguu yake. Ikiwa anapumua kwa shida, mwacheni akae. Asitembee mwenyewe. Msingoje kuona kama atapata nafuu. Matabibu wanayo dawa ya sindano iitwayo adrenalini, ambayo hufungua njia ya hewa na kuokoa maisha, lakini hufaa zaidi ikitolewa mapema.

9.10 KUZUIA

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila wiki mtu mzima azunguke nyumba akitazama chini ya upenu, nyuma ya milango ya madirisha, ndani ya choo, na katika madema au ndoo zilizoachwa uani. Akikuta kikonyo chenye vyumba vichache na nyigu mmoja, akiangushe jioni kwa ufagio wenye mpini mrefu. Nyigu huyo hana watoto wengi wa kulinda, naye mara nyingi huenda kujenga mahali pengine. Matundu ya kuta yazibwe. Mabaki ya matunda na samaki yafukiwe, kwa kuwa huwavuta wadudu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Nyigu wa karatasi huishi kwa kundi na hulinda kiota chao. Nyigu wa udongo hujenga peke yake na ni nadra kuuma.
- Nyigu huwinda viwavi na buibui.
- Kiota kilicho mbali na watu kiachwe. Kiota kilicho mlangoni kiondolewe na mtu mzima, usiku, kwa maji ya sabuni.
- Moto, petroli na mawe ni hatari kuliko nyigu wenyewe.
- Mtu aliyeumwa na kushindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja.

ZOEZI LA TISA

A. Jibu maswali haya kwa sentensi kamili.

1. Taja tofauti tatu kati ya nyigu na nyuki.
2. Nyigu wa karatasi hupata wapi vifaa vya kujengea?
3. Kwa nini nyigu wa udongo humpooza buibui badala ya kumwua?
4. Eleza kazi mbili za kikonyo cha kiota.
5. Kwa nini maji ya sabuni huua nyigu kuliko maji safi?

B. Jaza nafasi zilizoachwa wazi.

1. Hatua nne za maisha ya nyigu ni yai, ______, ______ na nyigu kamili.
2. Nyigu ______ hana mwiba.
3. Hali ya mwili kuikataa sumu kwa nguvu huitwa ______.

C. Andika "Kweli" au "Si kweli". Ikiwa si kweli, andika sentensi iliyo sahihi.

1. Nyigu mmoja aweza kuuma mara moja tu.
2. Kiota cha nyigu kiondolewe wakati wa mchana.
3. Mtu aliyevimba ulimi apewe maji baridi na aachwe alale.

D. Jadilini darasani.

Jirani yenu ameona kiota cha nyigu wa karatasi chini ya paa lake la makuti. Ameleta chupa ya petroli na kiberiti. Wewe ni mtoto, naye ni mkubwa wako. Utamweleza nini, na kwa maneno gani ya heshima, ili asikiwashe?